Kwa nini kusini mwa London treni za chini ya ardhi ni za kuhesabu? Wajuzi njooni

#1 Ndezi wa Catford

Wakuu habari za jioni.

Nimehama East Ham nikaja Catford, kusini mashariki mwa London. Kule East Ham laini ya District ikinipita nilikuwa sijali, nyingine hiyo inakuja. Huku nina stesheni mbili zimepakana, Catford na Catford Bridge, ukirusha jiwe kutoka hii linaangukia ile, na zote mbili ni za treni za kawaida za juu. Ratiba unaiangalia kabla hujavaa viatu.

Nikachukua ramani ya London Underground nikaitazama kwa utulivu. Stesheni 272, na zilizo kusini ya mto Thames hata arobaini hazifiki. Manispaa ya Lewisham haina hata moja. Bromley haina, Croydon haina, Bexley haina. Halafu kuna mji unaitwa Chesham, uko Buckinghamshire huko kwenye mashamba na kondoo, wao wanapanda laini ya Metropolitan mpaka katikati ya jiji!

Msimamo wangu ninao: kusini walikaa wafanyakazi wa bandarini na viwandani, wakubwa wakakaa kaskazini na magharibi, reli ikafuata wakubwa. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

#2 Kiti Cha Dirishani

Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Mpima Udongo

Mkuu, siasa weka pembeni kwanza, angalia chini ya miguu yako. Kaskazini mwa Thames kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi unaoitwa London Clay. Ule udongo ni rafiki wa mchimbaji: unakatika vizuri, haupitishi maji, na ukishatoboa tundu linasimama lenyewe muda wa kutosha mafundi wapachike pete za chuma za ukuta. Ukija kusini, hasa huko kusini mashariki kwako, tabaka hilo linakuwa jembamba au halipo kabisa. Unakutana na mchanga, changarawe na mwamba wa chaki, na vyote vimenywa maji. Kwa zana za mwaka 1900 hapo unaalika mafuriko ndani ya handaki.

Hiyo ndiyo sababu. Mengine ni stori za baa.

#4 Bi Mkubwa wa Brixton

Mpima Udongo, umeingia barazani bila salamu, haya tuyaache.

Nikuulize. Reli ya kwanza duniani ya umeme iliyopita kwenye handaki la kina kirefu ilianzia wapi? Stockwell, mwanangu. Kusini ya mto! City and South London Railway, mwaka 1890, kutoka Stockwell ikapita chini ya Thames mpaka King William Street. Mhandisi wake James Henry Greathead, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyeboresha ngao ya chuma ya kuchimbia, ile wanaisukuma mbele huku watu wako ndani yake wanachimba. Sanamu yake iko Cornhill pale katikati ya jiji, na kiguzo inachosimamia ni tundu la kupitishia hewa ya stesheni ya Bank.

Sasa kama udongo wa kusini haufai, hao walianzaje huku?

#5 Mpima Udongo

Shikamoo bibi, nisamehe salamu zangu zimechelewa kama treni ya Jumapili.

Umeniletea ushahidi wangu mwenyewe. Walipokuwa wanachimba huko karibu na Stockwell walikutana na changarawe yenye maji, ikabidi wajaze handaki hewa ya mgandamizo ili maji yarudi nyuma. Inawezekana, ndiyo, ila ni pesa na ni hatari kwa wachimbaji. Stockwell bado iko karibu na mto. Chimba mpaka Catford kwa mtindo huo uone kama kuna mwanahisa atabaki.

#6 Temeke Mwisho

Kwani hiyo ya 1890 ilikuwaje ndani? Ilikuwa na AC? 😂

#7 Bi Mkubwa wa Brixton

AC ya wapi, hata dirisha lilikuwa mtihani. Mabehewa matatu yanavutwa na kichwa kidogo cha umeme, na madirisha yalikuwa vijitundu vyembamba juu kabisa karibu na dari, kwa hoja kwamba chini ya ardhi hakuna cha kutazama. Viti vina migongo mirefu ya mto. Watu wakayabatiza vyumba vya wendawazimu, vile vyenye godoro ukutani. Konda anatangaza jina la kituo kwa sauti maana wewe huoni kitu. Nauli moja kwa wote, peni mbili, haijalishi unashuka wapi.

Na huo umeme wenyewe haukuwa mpango wa mwanzo. Walitaka kuzivuta treni kwa kamba ya chuma, kampuni ya kamba ikafilisika, ndiyo wakaangukia umeme.

#8 Konda Mstaafu

Salaam. Naona mnabishana kuhusu mwaka 1890 wakati mchezo ulishachezwa miaka mingi kabla.

Mwaka 1846 iliundwa Tume ya Kifalme kuhusu stesheni kuu za London. Wakati ule kila kampuni ilitaka kuingiza reli mpaka sebuleni kwa watu. Tume ikasema kwa upande wa kaskazini hakuna kupita, mtaishia ukingoni mwa jiji. Ndiyo maana ukitazama Paddington, Euston, King's Cross, zote zimejipanga kwenye mstari mmoja kama zimezuiwa na geti. Zilizuiwa kweli.

Sasa abiria anashushwa King's Cross na kazi yake iko City, kitovu cha biashara cha London, anafikaje? Kwa farasi, kwenye foleni na matope. Hapo ndipo mwanasheria wa City, Charles Pearson, aliposhikilia kwamba wajenge reli chini ya barabara iunganishe hizo stesheni. Tarehe 10 Januari 1863 Metropolitan ikafunguliwa, Paddington mpaka Farringdon, treni za mvuke, moshi humohumo handakini. Pearson mwenyewe alifariki 1862, hakuiona.

Upande wa kusini masharti yalikuwa mepesi. London Bridge ilikuwepo tangu 1836, Waterloo 1848, kisha kampuni za kusini zikavuka mto kabisa: Victoria 1860, Charing Cross 1864, Cannon Street 1866. Mtu wa kusini alikuwa anashuka mlangoni kwa ofisi yake. Treni ya chini ya ardhi ya kazi gani?

Kwa hiyo Ndezi, si kwamba mlinyimwa. Mlipewa mapema mno.

#9 Ndezi wa Catford

Konda, hii nimeisoma mara mbili. Lakini bado hujanijibu kwa nini Catford ina stesheni mbili na hakuna hata moja inayonitosha.

#10 Relini Tangu Utoto

Hilo nalijibu mimi. Catford Bridge ni ya 1857, Catford ni ya 1892. Mbili hizo ni matunda ya ugomvi. Kusini mashariki kulikuwa na kampuni mbili, South Eastern Railway na London, Chatham and Dover Railway, zilizochukiana kuliko wake wenza. Mmoja akipeleka reli mahali, mwenzake naye anapeleka yake. Waligombea miji yote ya Kent hivyo mpaka karibu wafilisike wote, ndipo mwaka 1899 wakakubali kuendesha kazi pamoja.

Wewe leo unavuna urithi wao. Ukiingia Catford Bridge unakwenda London Bridge na Charing Cross. Ukiingia Catford ya jirani unakwenda Blackfriars. Treni zimegawanywa njia mbili, kwa hiyo kila jukwaa linaonekana lina ukame, ila ukizijumlisha treni si chache hata kidogo. Kata tiketi kichwani kwako kwanza: leo naenda upande gani wa jiji?

#11 Temeke Mwisho

Kuliko wake wenza 😂😂 Mkuu una wangapi?

#12 Relini Tangu Utoto

Mmoja, na anasoma uzi huu. Tuendelee na reli.

#13 Mpima Udongo

Hoja ya Konda ni nzuri lakini inaeleza miaka ya 1860. Baada ya hapo kampuni za chini ya ardhi zilikuwa na miaka mingi ya kushuka kusini na hazikushuka. Laini ya Bakerloo ilifika Elephant & Castle mwaka 1906 ikagota. Iko pale mpaka leo. Ni nini kilichoizuia kama si ardhi?

#14 Konda Mstaafu

Iliyozuia inaitwa Southern Railway.

Mwaka 1923 serikali iliunganisha kampuni za reli nchi nzima zikawa nne kubwa. Kusini yote ikaangukia Southern. Meneja wake mkuu, Herbert Walker, alikuwa na jambo moja kichwani: umeme. Akaweka reli ya tatu pembeni ya zile mbili, ndiyo inayobeba umeme, akaacha hata nyaya za juu ambazo mojawapo ya kampuni za zamani ilikuwa imezifunga tangu 1909. Alipofika 1933 umeme ulikuwa umefika Brighton, pwani. Treni za vitongoji zinakwenda kwa ratiba ya kukariri, dakika zilezile kila saa.

Sasa fikiria umewekeza hivyo, halafu Underground anakuja kukuchimbia chini ya miguu akuibie abiria. Utamkaribisha chai? Walipotaka kushusha laini ya Northern kuelekea Sutton miaka ya 1920, Southern alipiga kelele mpaka Bungeni. Muafaka wake: Underground aishie Morden, Southern ajenge ya Wimbledon kwenda Sutton. Ndiyo maana Morden, iliyofunguliwa 1926, ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Underground mpaka kesho.

Na Mpima, ile ya Morden ilichimbwa kusini ya mto, kwenye ardhi yenu hiyohiyo mbaya. Kutoka Morden mpaka East Finchley kupitia Bank ni kilomita 27.8 za handaki mfululizo.

#15 Mpima Udongo

Kusini magharibi, mzee. Huko mfinyanzi upo. Soma nilichoandika: "hasa kusini mashariki".

#16 Nyaya za Juu

Naomba kuuliza wajuzi. Hiyo reli ya tatu iko chini wazi tu? SGR yetu ya Dar mpaka Dodoma ina nyaya juu. Kwa nini Waingereza wasifanye hivyo?

#17 Relini Tangu Utoto

Iko chini, wazi, volti 750. Ukikanyaga hakuna wa kukusimulia, ndiyo maana ncha za majukwaa zimejaa mabango ya hatari.

Uzuri wake ni gharama ya kufunga: huinui madaraja, huvunji mahandaki ya zamani, na kule kusini madaraja ni mengi mno. Reli ya kwanza kabisa ya London, ile ya Greenwich ya 1836, inapita juu ya matao ya matofali 878. Ubaya wake ni kwamba volti ni ndogo, kwa hiyo vituo vya kupozea umeme lazima viwe vingi na karibukaribu. SGR yenu ni volti 25,000, inasafirisha umeme mbali bila shida. Na barafu ikiganda juu ya reli ya tatu, kiatu cha treni kinashindwa kugusa chuma. Usiku wa baridi kali utaona cheche za buluu zinaruka gizani.

#18 Kiti Cha Dirishani

Na majani! Msisahau majani. Kuna kampuni moja ya treni, jina naliacha, ilitutangazia tumechelewa kwa sababu ya majani ya miti kwenye reli. Nikampigia mama Tanga nikamweleza, akasema mwanangu sema ukweli umelala.

#19 Relini Tangu Utoto

Mwambie mama ni kweli tupu. Majani yakianguka msimu wa vuli, magurudumu yanayasaga juu ya chuma yakiwa na unyevu, yanageuka utando mweusi mgumu unaoteleza ajabu. Dereva akifunga breki treni inaserereka kupita kituo. Kwa hiyo wanapunguza mwendo, na usiku zinapita treni maalumu za kuosha reli kwa maji ya shinikizo kubwa. Handakini hakuna miti, hilo tatizo hawana. Kwa Underground shida ya namna hiyo iko sehemu za juu, na kwa taarifa yenu zaidi ya nusu ya mtandao wa "chini ya ardhi" uko juu ya ardhi.

#20 Dalali wa Viwanja

Nyote mnazungumza kama wahandisi. Ngoja dalali aseme: fuateni ardhi ya kuuza.

Ndezi amemtaja Chesham. Chesham ina Metropolitan tangu 1889. Kampuni ya Metropolitan ilikuwa na ruhusa ya kipekee kushika viwanja pembeni ya reli yake na kuviendeleza. Inapeleka reli shambani, inajenga nyumba, inamuuzia karani wa City nyumba yenye bustani, kisha inamuuzia tiketi ya kila siku. Walikuwa na jina la biashara kabisa, Metro-land, na vijitabu vyenye picha za maua. Kaskazini magharibi kulikuwa kweupe, reli ikaenda kutafuta watu. Kusini watu walishajaa pembezoni mwa reli za zamani, sasa mwekezaji anakwenda kumuuzia nani?

Udongo wowote unachimbika kama juu yake kuna viwanja vya kuuza.

#21 Ndezi wa Catford

Dalali, umenirudisha kwenye hoja yangu! Pesa inafuata wenye pesa. Watu wa Peckham, Camberwell na Deptford hawakuwa wateja wa nyumba zenye bustani, wakaachwa. Mmezunguka weee mmenirudia.

#22 Mwana wa Dalston

Ndezi punguza shangwe. Mimi niko Hackney, kaskazini ya mto, udongo wa mfinyanzi tele, watu maskini kwa waliojaaliwa, na Underground hatuna. Manor House na Old Street zinatugusa mpakani tu. Kwa hiyo:

Ya udongo imekufa, kwa sababu tuna udongo na hatuna treni.
Ya kusini kuonewa imekufa, kwa sababu sisi si kusini.

Karibu kwenye kundi la wanaotegemea basi.

#23 Mpima Udongo

Hackney ni suala jingine.

#24 Mwana wa Dalston

Kila linalokushinda ni suala jingine.

#25 Bi Mkubwa wa Brixton

Ndezi, maskini hawakuachwa tu, wao ndio walioendesha hayo mabasi na treni. Meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury mwaka 1948 na watu wa Karibi, waliokosa pa kulala walipelekwa Clapham South, kwenye mahandaki marefu yaliyochimbwa chini ya stesheni ya Northern kwa ajili ya kujikinga na mabomu ya vita. Wakalala chini ya ardhi kwenye vitanda vya ghorofa. Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu ilikuwa Coldharbour Lane, Brixton. Ndiyo chanzo cha Brixton hii mnayoiona. Mwaka 1956 London Transport ikafungua ofisi ya kuajiri Barbados kwenyewe, wakakopeshwa nauli ya kuja.

Nilipokuja mimi enzi za Thatcher, konda wa basi aliyenifundisha kusoma namba za mabasi alikuwa mama wa Kibarbados, ananiita "mpenzi" huku mkono unazungusha ile mashine ya tiketi tumboni.

Na Victoria line ilipofika Brixton Julai 1971, bei za nyumba hazikupanda siku hiyohiyo kama mnavyofikiri. Zilichukua miaka. Siku hizi siwezi kununua hata mlango.

Tangu 2024 ile njia ya Overground, treni za juu za jiji, inayopita Peckham, Crystal Palace na Croydon inaitwa Windrush. Inapita chini ya mto kwenye Thames Tunnel, handaki la kutoka Rotherhithe kwenda Wapping, kazi ya wahandisi Brunel, baba na mwana, lilifunguliwa 1843 kwa watembea kwa miguu. Hilo nalo Mpima utasema limechimbwa kaskazini?

#26 Mpima Udongo

Bibi, lile liliwachukua miaka 18 na mto ukawaingilia zaidi ya mara moja, watu wakafa. Asante kwa kunisaidia tena.

#27 Mhasibu Mtulivu

Tuongee hesabu za sasa. Zana za leo zinachimba chochote. Elizabeth line iliyofunguliwa tarehe 24 Mei 2022 imepita chini ya Thames kwenda Woolwich kwenye mwamba wa chaki wenye maji, kwa mashine mbili maalumu, Sophia na Mary, majina ya wake wa Brunel baba na Brunel mwana. Udongo si kisingizio tena. Swali ni nani analipa.

Chukua tawi la laini ya Northern la Battersea, lililofunguliwa Septemba 2021. Stesheni mbili, Nine Elms na Battersea Power Station, kama pauni bilioni 1.1. Mkopo wa kulijenga unalipwa na michango ya wajenzi wa maghorofa pamoja na kodi ya biashara inayoongezeka eneo lile. Palikuwa na mtambo wa umeme uliokufa, wakaja wawekezaji, ubalozi wa Marekani ukahamia jirani 2018, reli ikaja.

Sasa linganisha na Bakerloo kwenda Lewisham kupitia Old Kent Road. Njia imehifadhiwa kisheria tangu 2021 ili mtu asijenge msingi wa ghorofa katikati yake. Pesa ya kuchimba hakuna. Camberwell ndiyo ya kusikitisha zaidi: ilikuwa na stesheni ya treni, ikafungwa 1916, Bunge likaidhinisha Bakerloo ifike huko mwaka 1931, haikujengwa, baada ya vita mpango ukafufuliwa, ukafa tena.

#28 Temeke Mwisho

Kwa hiyo watu wa Lewisham wanasubiri treni iliyoidhinishwa jirani yao mwaka 1931? Na sisi tulikuwa tunailalamikia mwendokasi!

#29 Kiti Cha Dirishani

Wamefarijiwa. Mwaka 2025 wameletewa basi la haraka BL1 kutoka Waterloo mpaka Lewisham, linafuata takriban njia hiyohiyo, na wameliita Bakerloop. Umeomba ng'ombe umepewa picha ya ng'ombe.

#30 Relini Tangu Utoto

Mimi nitawaudhi wote. Tatizo lenu ni ramani.

Harry Beck alichora ile ramani ya pembe na mistari iliyonyooka mwaka 1931, ikachapishwa 1933. Ni kazi nzuri, lakini ilikuwa ya Underground peke yake. Reli za Southern hazikuwemo. Vizazi na vizazi vikatazama karatasi ile na kuona kusini ni jangwa. Ndezi mwenyewe uzi ameuanzisha baada ya kutazama ramani! Chukua ramani yenye reli zote uone kusini kulivyo kama nyavu ya mvuvi. Nenda Clapham Junction saa kumi na moja jioni, simama kwenye kivuko cha juu, utazame treni zinavyopishana.

Kusini hakukosi reli. Kunakosa rangi kwenye karatasi.

#31 Ndezi wa Catford

Rangi? Mkuu, nauli je? Kwa zoni zilezile za nauli, treni za kusini zina jedwali lao la bei na Underground wana lao, na ukichanganya treni na Underground unalipa zaidi ya yule aliyetumia Underground peke yake. Hiyo nayo ni karatasi?

#32 Mhasibu Mtulivu

Hapo Ndezi yuko sahihi. Ila mbinu zipo. Ukisafiri kwa kuzunguka bila kupita zoni ya 1, yaani katikati ya jiji, tafuta mashine za kadi za rangi ya waridi kwenye vituo vya kubadilishia, kama Canada Water, Stratford na Highbury & Islington. Gusa pale katikati ya safari, ndipo mfumo utajua hukupita mjini, utakukata kidogo. Wengi wanazipita wakidhani ni mapambo.

Pia tumia kitu kimoja siku nzima. Ukigusa kadi ya benki asubuhi na simu jioni, hata kama akaunti ni ileile, mfumo unaona watu wawili, na ukomo wa makato ya siku haukufikii.

#33 Mgeni Kutoka Mombasa

Hamjambo. Samahani kuwaingilia, naja mwezi ujao kwa dada yangu Woolwich, natua Heathrow. Nipande nini? Na basi nalipa dereva au kuna makanga?

#34 Kiti Cha Dirishani

Karibu kaka. Makanga sahau. Na noti zako usimwonyeshe dereva, mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Gusa kadi (mwaka 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75), na ndani ya saa moja unabadilisha mabasi mengine bila kulipa tena. Ukipanda basi gusa mara moja tu, kushuka hugusi. Kwenye treni unagusa kuingia na kutoka.

Kwenda Woolwich, Elizabeth line. Soma kibao: ikiandikwa Abbey Wood, kaa utulie. Ikiandikwa Shenfield, shuka Whitechapel ubadilishe, maana njia zinaachana hapo. Kama unabana pesa, Piccadilly ni rahisi zaidi, ila itabidi ubadilishe njiani na itakuchukua muda mrefu. Na kama ni Julai, chukua maji.

#35 Mgeni Kutoka Mombasa

Maji ya nini? Uingereza si baridi?

#36 Mpima Udongo

Kaka, hapa ndipo udongo wangu unaingia tena, bibi asinune. Ule mfinyanzi unahifadhi joto. Handaki lilipokuwa jipya udongo ulikuwa kama nyuzi 14, na mwanzoni mwa karne iliyopita walibandika matangazo kabisa kwamba msimu wa joto kimbilia chini kwenye ubaridi. Breki za treni na injini zimeupasha udongo kwa zaidi ya miaka mia, sasa kuna sehemu unapita nyuzi 20 na hauna pa kuupeleka moto huo. Mahandaki ya kina ni membamba, treni inajaa tundu zima, mashine ya ubaridi ikitoa joto nje ya behewa inalitoa humohumo. Metropolitan, District na Circle wana AC kwa sababu mahandaki yao ni mapana na yana sehemu za wazi. Bakerloo ina treni za mwaka 1972 mpaka leo, humo ni madirisha tu.

Kwa hiyo Ndezi, treni yako ya juu inapigwa na upepo. Shukuru.

#37 Ndezi wa Catford

Nishukuru upepo! Basi haya. Konda kasema tulipewa mapema, Mpima kasema ardhi, Dalali kasema viwanja, Relini kasema karatasi, Mhasibu kasema pesa. Bi Mkubwa yeye kasema nini hasa?

#38 Bi Mkubwa wa Brixton

Bi Mkubwa kasema ana kadi ya wazee, anapanda bure, na laini ya Victoria inaanzia mlangoni kwake kwa hiyo siku zote anapata kiti. Mnaosimama endeleeni kubishana.

#39 Mwana wa Dalston

Mpima Udongo, bado nasubiri jibu la Hackney.

#40 Mpima Udongo

Fungua uzi wako.